Bima ya Viza Haitoshi: Msafiri wa Butembo na Beni Akiugua Ugenini

Pale Kasindi, kabla hajavuka mto Lubiriha kwenda Mpondwe, msafiri huulizwa karatasi za safari na kadi ya manjano ya chanjo. Tangu miaka ya Ebola amezoea pia kunawa mikono na kupimwa joto la mwili mpakani. Akimaliza hayo, anaingia Uganda. Hakuna anayemuuliza: ukiugua huko uendako, nani atalipa? Swali hilo hulikuta hospitalini, na anayeliuliza ni karani wa mapokezi anayetaka pesa zitangulizwe kabla mgonjwa hajapewa kitanda.

Butembo ni mji ulioinuliwa na safari. Wafanyabiashara wake walianza na kahawa, mboga na dhahabu, wakafika Kampala na Nairobi, kisha Dubai, Guangzhou, Bangkok na Jakarta. Vitenge, pikipiki, vipuri, simu na mabati yanayouzwa mjini yamepita Mombasa, Kampala na Kasindi, na nyuma ya kila kontena kuna mtu aliyepanda ndege kwenda kuchagua mali. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni 80. Kwa mtu wa huku, Kampala ni karibu kuliko Kinshasa kwa kila hali.

Zamani mgonjwa aliyezidi uwezo wa hospitali zetu aliweza kupelekwa kusini, Goma. Njia hiyo imekatika. Waasi wa M23 walichukua Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, wakaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege wa huko ukafungwa, na serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini ikahamia Beni. Hospitali za Matanda, Kitatumba, Katwa na Oicha, pamoja na hospitali kuu ya Beni, zinafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Zikishindwa, macho ya ndugu huelekea mashariki. Kwa hiyo suala la bima ya ng'ambo, ambalo kwingine ni la watalii na maofisa wa mashirika, kwetu limekuwa la familia ya kawaida.

Tatizo la kwanza ni kwamba wengi wetu tunaondoka nyumbani bila kuwahi kushika kadi ya bima ya afya. Kwa miaka mingi bima Kongo ilikuwa SONAS, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1966, na kwa mwenye gari wa Butembo ilimaanisha kile kibandiko cha kioo cha mbele kinachoulizwa na polisi wa barabarani. Sheria ya Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo, na kampuni za kwanza za binafsi zikapata vibali mwaka 2019. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake muda wote wa mkataba. Ni haki nzuri, lakini inamfaa mwenye mkataba, na Butembo ni mji wa watu waliojiajiri. Mpango wa taifa wa afya kwa wote ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ukianza na uzazi bila malipo. Mama muuza vitenge anayekwenda Kampala kila mwezi hana chochote katika hayo kinachovuka mpaka pamoja naye.

Bima yake ya kwanza, kama ataipata, ni ile inayodaiwa na ubalozi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu karatasi inayonunuliwa ili viza itoke huchaguliwa kwa bei tu.

Nchi za Schengen zinataka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya angalau euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za eneo hilo, ikigharamia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Soma maneno hayo polepole. Kila mahali ni dharura. Karatasi hiyo haikununuliwa ili mtu akatibiwe Ulaya. Ilitungwa ili mgeni asiziachie hospitali za wenyeji deni.

Chukua mama wa miaka 65 kutoka Beni, mwenye presha, anayekwenda Brussels kumwona mjukuu aliyezaliwa. Mwanawe amemnunulia bima ya bei nafuu kwenye intaneti kwa dakika chache. Wiki ya pili mama anapata kiharusi. Kampuni inaomba historia yake ya matibabu, inaona amekuwa akimeza vidonge vya presha kwa miaka kadhaa, na inajibu kwamba kiharusi kimetokana na ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kununua bima. Kipengele hicho kimo katika mikataba mingi ya safari. Wakati mwingine kampuni hukubali siku chache za kwanza, mpaka hali itulie, kisha inaacha. Euro 30,000 zilizoandikwa kwenye karatasi hazimsaidii mama huyo, kwa sababu hazikuandikiwa ugonjwa wake.

Je, mwanawe angefanya nini? Angetafuta bima inayokubali magonjwa sugu yaliyo katika hali tulivu. Zipo, na ni ghali zaidi. Angeandika presha kwenye fomu bila kuificha. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu mawakala wengine huwashauri watu waandike "hapana" kila mahali ili bei ishuke. Anayeficha ugonjwa anaipa kampuni sababu ya kukataa kila kitu, hata mguu uliovunjika kwa kuteleza kwenye ngazi. Fomu ya bima inasomwa kwa makini mara moja tu, siku ya kudai, na anayeisoma siku hiyo anatafuta kosa lako.

Anayekwenda Ulaya kukaa, kusoma au kufanya kazi yuko katika hali tofauti kabisa, na mara nyingi hali yake ni nzuri kuliko anavyodhani. Ubelgiji, mtu akishaandikishwa kwenye komuni yake, hujiunga na mutuelle, yaani mfuko wa bima ya afya, na sehemu kubwa ya gharama za daktari na dawa hurudishwa. Ufaransa, wanafunzi wa kigeni wasiotoka nchi za Umoja wa Ulaya huandikishwa bila malipo katika bima ya kawaida ya wananchi. Mwanafunzi wa Butembo anayefika Liège au Lille akiwa na bima ya viza ya miezi mitatu mfukoni asikae nayo mpaka iishe ndipo aanze kuuliza. Aende kujiandikisha juma la kwanza. Kuna vijana wanaougua meno mwaka mzima wakiogopa gharama, na haki ya matibabu iko umbali wa fomu moja.

Marekani ni jambo jingine. Maelfu ya Wakongo wamepelekwa huko kama wakimbizi, wengi wao wakitokea kambi na makazi ya Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Msaada wa afya wa miezi ya mwanzo huisha, kisha bima inategemea kazi, kipato na jimbo mtu analoishi. Sheria ya mwaka 1986 inazikataza hospitali nyingi kumfukuza mgonjwa wa dharura kwa kukosa pesa, lakini haizikatazi kumtumia hati ya deni baadaye. Anayeanza kazi kiwandani akipewa orodha ya bima asikimbilie ile yenye makato madogo kwenye mshahara. Aulize ni kiasi gani atalipa yeye mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Mara nyingi bima ya makato madogo ndiyo inayomwachia mzigo mkubwa siku ya ugonjwa.

Sasa turudi kwa wafanyabiashara, maana wao ndio wanaosafiri bila kinga kuliko wote.

Dubai ina sheria ya bima ya afya tangu mwaka 2013, na mwajiri anawajibika kumlipia mfanyakazi wake. Tangu Januari 1, 2025 wajibu kama huo umefika Sharjah, Ajman na falme nyingine za kaskazini, ambako kifurushi cha chini kwa mfanyakazi kilitangazwa kuwa dirham 320 kwa mwaka. Kijana wa Beni aliyeajiriwa ghalani Sharjah adai kadi yake, na asikubali makato ya mshahara kwa ajili hiyo, kwa sababu gharama ni ya mwajiri. Lakini mfanyabiashara aliyekuja Deira, mjini Dubai, siku kumi kwa viza ya matembezi si mfanyakazi wa mtu. Sheria hiyo haimgusi. Akianguka kwenye lifti ya hoteli, hospitali itamhudumia dharura yake na bili itakuwa yake.

Guangzhou kuna desturi ambayo kila mgeni wa mtaa wa Xiaobei anapaswa kuijua kabla ya kupanda ndege: hospitali hutaka mgonjwa aweke amana kabla ya kulazwa, na amana ikiisha huombwa nyingine. Bima inayosema "lipa kwanza, leta risiti, tutakurudishia" haina faida kwa mtu ambaye pesa yake yote imeshalipwa kwa mwenye kiwanda na imekuwa bidhaa ndani ya kontena. Kwa mfanyabiashara, bima inayolipa hospitali moja kwa moja ni bora, hata kama kiwango chake cha juu ni kidogo. Na ile inayorudisha pesa, aulize itazirudisha vipi: kwenye akaunti ya benki ya wapi, kwa risiti za lugha gani, ndani ya muda gani. Risiti za Kichina zilizofifia na akaunti isiyokuwepo ndiyo hadithi ya kawaida ya madai yaliyokufa.

Uganda ndiyo ng'ambo yetu ya kila siku, na hapo hali ina pande mbili. Serikali ya Uganda iliondoa ada katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001. Wanaokimbia mauaji ya Beni na kupokelewa katika makazi ya wakimbizi hutibiwa humo bila kulipa, na maelfu ya familia zetu zinaishi kwa huruma hiyo. Kinachokosekana mara nyingi ni dawa, vipimo na nafasi. Ndiyo maana mwenye uwezo huenda hospitali za makanisa: Kagando upande wa Kasese, au Mengo, Lubaga na Nsambya mjini Kampala. Hizo ni hospitali za zamani, Mengo ikiwa imeanzishwa mwaka 1897, na zinatoza. Uganda haina bima ya taifa ya afya ambayo mgeni anaweza kujiunga nayo. Kuna kampuni binafsi zenye leseni zinazouza bima ya mwaka, na mtu anayekaa Kampala miezi mitano au sita kwa mwaka, akiwa na nyumba ya kupanga na watoto shuleni, afikirie kununua huko huko, kwa shilingi za Uganda, bima inayotambuliwa na hospitali anayoijua. Ile ya kimataifa yenye jina kubwa inaweza kuhitaji simu ya kwenda Ulaya kabla karani wa Kampala hajakubali kuiheshimu.

Kuna jambo la bodaboda. Wengi wetu tukifika Kampala hupanda pikipiki bila kofia, kama tunavyofanya Butembo. Mikataba mingi ya bima ya safari huikataa ajali ya pikipiki kama aliyepanda hakuvaa kofia, au kama aliyeendesha hakuwa na leseni. Ni kipengele cha mistari miwili tu, nacho kinaondoa ajali inayotuumiza kuliko zote. Uliza, na vaa kofia.

Kipengele kinachotuhusu sisi kuliko watu wote wa Afrika Mashariki ni kingine, na ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Ni kipengele cha vita.

Karibu kila bima ya safari na ya afya duniani huondoa madhara ya vita, uasi, ugaidi na fujo za raia, au huyaweka kwenye kifurushi cha pekee chenye bei ya juu. Nyingi huongeza kwamba bima haifanyi kazi kabisa katika eneo ambalo serikali ya nchi anakoishi mteja imewashauri watu wake wasiende. Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa na Marekani zote zimeonya raia wao wasiende Kivu ya Kaskazini. Jimbo letu limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021. Weka mambo hayo pamoja uone maana yake: ndugu yetu wa London anayekuja Butembo kumzika mama yake, akiwa na bima nzuri aliyoilipia, anaweza kuwa hana bima tangu anapokanyaga Kasindi. Si kwa risasi tu. Hata akipata malaria, hata appendiksi yake ikipasuka Musienene, kampuni inaweza kusema ulikwenda mahali palipokatazwa.

Mnamo Januari 15, 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi siku ya Jumapili, watu wakiwa kwenye ibada. Kwenye barabara ya Beni hadi Kasindi, waasi wa ADF wamewaua wasafiri na kuchoma magari mara nyingi. Aliyeumia katika mambo hayo hakuwa mpiganaji, alikuwa msafiri au mwamini. Mkataba wa bima hautofautishi. Unauliza tu kilichosababisha jeraha, na jibu linamtoa nje.

Kwa hiyo mwana-diaspora asiulize kampuni yake, "Je, mnaifunika Kongo?" Ataambiwa ndiyo, kwa kuwa Kinshasa na Lubumbashi zinaweza kuwa sawa. Aulize hivi, kwa barua pepe, na ahifadhi jibu: nakwenda Beni na Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini, tarehe fulani hadi fulani, je, mtalipa nikiugua huko ugonjwa wa kawaida, mtalipa nikijeruhiwa na watu wenye silaha, na mtanitoa kwa ndege kutoka wapi? Jibu likiwa hapana, bado atakuja, kwa kuwa msiba ni msiba. Lakini atakuja akijua, akiwa ameacha pesa kwa ndugu wa Kampala anayeweza kuzituma siku hiyo hiyo.

Kutolewa kwa ndege nako kuna tofauti zake. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Mangina Agosti 1, 2018 na kuisha Juni 25, 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Desemba 2018 mhudumu wa afya Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Kongo, ambaye huenda aligusana na ugonjwa na hakuwa na dalili yoyote, alisafirishwa hadi Nebraska akae chini ya uangalizi. Simlaumu. Kila mfanyakazi wa afya anastahili hivyo. Aprili 19, 2019 Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo. Alikuwa mbali na kwao, akifanya kazi kwa ajili yetu. Wauguzi na wachanja chanjo wa kwetu walikuwa hatarini katika vyumba vile vile, na hakuna ndege iliyokuwa ikiwasubiri.

Kijana wa Beni anayeajiriwa leo na shirika la kigeni na kutumwa Bangui, Juba au Port-au-Prince aisome sehemu ya kutolewa kwa ndege katika mkataba wake kabla ya kutia sahihi. Mashirika mengi huwa na bima mbili, moja ya wafanyakazi wa kimataifa na nyingine ya wafanyakazi wa nchi. Akitumwa nje, anapaswa kuhamia ile ya kwanza. Aulize kama mke na watoto waliobaki Beni wamo. Aulize kama vita imo, maana ndiyo kazi anayotumwa. Ndege ya wagonjwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na hakuna familia ya kwetu inayoweza kuichangia kwa usiku mmoja.

Kifo nacho lazima kitajwe, ingawa watu hawapendi kukitaja wakati wa kununua tiketi. Kwetu maiti hurudi nyumbani. Mtu akifa Dubai au Montreal, simu huanza kulia usiku huo huo, makundi ya WhatsApp yanajaa, na watu waliochangia harusi mwezi uliopita wanachangia tena jeneza na ndege. Bima nyingi za safari hulipia kurudisha mwili, lakini baadhi huweka kiwango kidogo, na nyingine hufikisha mwili kwenye uwanja wa ndege wa kimataifa tu. Kutoka Entebbe hadi Butembo ni safari ndefu ya gari yenye karatasi za mpakani. Uliza kama inalipwa. Ni swali la dakika moja na linaokoa matanga ya wiki mbili yasigeuke kuwa deni la mwaka.

Baada ya kusoma mikataba hii, nimefikia msimamo ambao naomba wasomaji waupime. Mtu mmoja mmoja wa Butembo, mbele ya dirisha la kampuni ya bima, ni mnyonge. Hawezi kubadili kipengele cha vita wala kudai kwamba Nsambya au Mengo ziwekwe kwenye orodha. Anachoweza ni kukubali au kuondoka. Lakini sisi si watu wa mmoja mmoja. Tuna MUSO karibu kila mtaa, vikundi vya watu ishirini au thelathini wanaoweka akiba kila wiki, wenye sanduku la kijani la mikopo na sanduku jekundu la ugonjwa na msiba. Lile sanduku jekundu ni bima. Limewatibu watu wetu wengi kuliko kampuni yoyote yenye ofisi ya vioo. Kasoro yake ni kwamba linaishia mtaani: lina pesa za kumlipia mtoto malaria Katwa, halina nguvu ya kumwambia mhasibu wa Kampala "mlaze, tutalipa".

Njia ya kuliongezea nguvu inajulikana, na imejaribiwa nchini mwetu na kwa jirani. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa Kongo, hospitali ilianzisha mwaka 1986 mpango ambao wanachama walilipa mchango mara moja kwa mwaka, na walipolazwa walibaki kulipa sehemu ndogo tu ya gharama. Kisiizi, kusini-magharibi mwa Uganda, hospitali ya kanisa ilianza mwaka 1996 mpango wa bima kwa kutumia vikundi vya engozi, vile vikundi vya vijiji vinavyobeba wagonjwa kwa machela kushuka milima. Haikumwandikisha mtu mmoja mmoja, iliandikisha kikundi. Kwa njia hiyo wazima na wagonjwa waliingia pamoja, na mpango haukufilisika kwa kupokea wagonjwa peke yao. Watu wa Kisiizi hawakuwa matajiri kuliko watu wa Butembo. Walikuwa na kikundi, na walikuwa na hospitali iliyokubali kutia sahihi nao.

Msafiri atakayeondoka wiki hii asingoje mpango kama huo uanzishwe kwetu. Aende kwa wakala akiwa na mkataba mzima mkononi, si kipeperushi, na aanzie kurasa za mwisho, zile za mambo yasiyolipwa. Amwambie kwa heshima: "Papa, nioneshe mstari unaosema mtalipa hospitali moja kwa moja. Nioneshe jina la hospitali moja katika mji ninaokwenda. Nioneshe mnasema nini kuhusu presha yangu." Wakala asiyeweza kuionesha mistari hiyo anauza karatasi ya viza. Anayesafiri na mke mjamzito ajue kwamba uzazi mara nyingi una muda wa kungojea wa miezi 10 hadi 12 tangu siku ya kujiunga. Anayeona maneno "dunia nzima" aangalie kama yanafuatwa na "isipokuwa Marekani na Kanada". Na nambari ya dharura ya bima aiandike kwenye karatasi, ampe mtu anayesafiri naye, maana simu ya mgonjwa huibiwa au huzima.

Ombi langu la mwisho naliweka mbele ya wenye uwezo wa kukaa mezani. Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, tawi la Butembo na la Beni. Ofisi za afya za dayosisi zetu. Chuo Kikuu cha Graben, chenye walimu wa tiba na wa sheria. Na viongozi wa MUSO kubwa: tumeni ujumbe Kasese na Kampala. Chagueni hospitali mbili, moja karibu na mpaka na moja mjini. Kubalianeni bei ya mwanachama, amana ya pamoja inayowekwa mapema, na barua moja ambayo mgonjwa wa Butembo au Beni ataionesha na kulazwa bila kungoja pesa zitoke nyumbani. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na kontena zetu tayari zinapita mpaka huo kwa makubaliano yaliyoandikwa. Wagonjwa wetu nao waandikiwe yao, na kazi hiyo ianze mwaka huu.